Kusoma eksirei ya nyonga iliyowekewa vyuma na bado inauma: mwongozo kwa matabibu wa wilaya

Mgonjwa aliyepasuliwa kwa sababu ya kuvunjika nyonga hutarajiwa kupungukiwa na maumivu wiki baada ya wiki. Mkoani Kigoma wengi wa wagonjwa hawa ni wazee, hasa kina bibi walioteleza uani, na vijana walioanguka kutoka juu ya mchikichi au kuumia kwenye ajali za bodaboda. Baadhi yao hupasuliwa mbali na nyumbani, Dar es Salaam au Mwanza, kisha hurudi Kasulu, Kibondo, Buhigwe au Uvinza. Miezi kadhaa baadaye anayeulizwa "mbona bado inauma?" ni tabibu ambaye hakuwepo siku ya upasuaji na ambaye mbele yake ana picha moja tu ya eksirei. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Picha moja ya nyonga yenye vyuma hujibu machache. Kinachojibu ni mabadiliko kati ya picha na picha: pembe iliyopungua, skrubu iliyosogea, mstari mweusi uliopanuka. Naomba msomaji ajihadhari na ile sentensi inayoandikwa mara nyingi kwenye majibu, kwamba "vyuma vimekaa vizuri". Chuma kinaweza kuwa kizima kabisa leo huku mfupa ukiwa haujaunga. Chuma kinachobeba uzito wa mwili kwa niaba ya mfupa usiounga hatimaye huchoka na kukatika, au huuchana mfupa na kutoka.

Hatua ya 1: Muulize mgonjwa kabla ya kuinua picha

Maelezo ya mgonjwa ndiyo yatakayokuambia jicho liende wapi. Msalimie, mkalishe, kisha umwombe kwa utaratibu: "Bibi, naomba unioneshe kwa mkono mmoja mahali panapouma." Anayeweka kiganja kwenye kinena anakuelekeza kwenye kichwa cha mfupa wa paja, shingo yake, au kikombe cha nyonga. Anayegusa upande wa nje wa nyonga na kusema hawezi kulalia ubavu huo huenda anasumbuliwa na skrubu iliyorudi nyuma na kusukuma nyama. Maumivu ya katikati ya paja yanakutaka uangalie ncha ya chini ya chuma. Maumivu yanayouma zaidi kwenye hatua za kwanza baada ya kunyanyuka, kisha yakapungua, hutia shaka kwamba chuma kimelegea. Yale yasiyopoa hata akiwa amelala, hasa pakiwa na homa au kidonda kinachotoa majimaji, yahesabiwe kuwa ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Swali ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko yote ni hili: je, kuna kipindi chochote baada ya upasuaji ambapo maumivu yaliisha? Mgonjwa ambaye hajawahi kupata nafuu hata siku moja hutufanya tufikirie maambukizi ya mapema, mfupa usiounganishwa sawasawa tangu mwanzo, skrubu iliyoingia ndani ya kiungo, au chanzo kingine kabisa cha maumivu. Aliyepona akatembea, akarudi shambani, kisha maumivu yakaanza upya baada ya mwaka, hutufanya tufikirie kichwa cha mfupa kilichokosa damu, kulegea kwa chuma, au maambukizi yaliyochelewa kujitokeza.

Mpime pia akiwa amelala chali. Linganisha urefu wa miguu miwili na uangalie kama mguu wa upande uliopasuliwa umegeukia nje. Ikiwa maumivu yamezidi ghafla na hawezi tena kusimama, asitembezwe kwenda chumba cha eksirei; apelekwe kwa machela.

Hatua ya 2: Kusanya picha zote na uzipange kwa tarehe

Unahitaji angalau picha tatu: ya kabla ya upasuaji, ya mara baada ya upasuaji, na ya leo. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa picha tena karibu na wiki ya 6, mwezi wa 3, mwezi wa 6 na mwaka mmoja, kwa hiyo waulize ndugu kama zipo za katikati. Filamu huharibika majumbani, hukunjwa, hulowana kwenye boti zinazotoka mwambao wa Kalya na Buhingu, na nyingine hupotea. Piga simu hospitali alikopasuliwa, uombe nakala pamoja na taarifa ya upasuaji, kwa sababu taarifa hiyo hutaja aina na vipimo vya vyuma. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta inafaa kutazama umbo na pembe endapo simu ilishikwa sawasawa, lakini usiitumie kupima milimita kama hakuna kitu chenye kipimo kinachojulikana ndani yake.

Hatua ya 3: Hakikisha picha ya leo inasomeka

Picha ya mbele ichukue fupanyonga lote, nyonga mbili kwa pamoja, ili upande mzima uwe kipimo cha upande ulioumia. Miguu igeuzwe ndani kiasi cha nyuzi 15, maana shingo ya mfupa wa paja kwa asili imeelekea mbele kidogo, na bila kuigeuza itaonekana fupi kuliko ilivyo. Vyuma vyote vionekane mpaka ncha ya chini pamoja na sehemu ya mfupa iliyo chini yake. Kama haviingii kwenye picha moja, piga ya pili ya paja.

Picha ya ubavu ndiyo inayopuuzwa zaidi, na hasara yake ni kubwa. Mgonjwa mwenye maumivu asilazimishwe kukunja nyonga: mguu usioumia uinuliwe, na mwale upite kwa ulalo kutoka upande wa ndani. Bila picha hii huwezi kusema kwa uhakika kwamba ncha ya skrubu iko ndani ya kichwa, kwa kuwa kichwa ni duara, na skrubu iliyotoboa mbele au nyuma inaweza kuonekana imo ndani ukiitazama kwa mbele tu.

Kuna mtego mmoja wa kuufahamu hapa. Mguu ukigeukia nje wakati wa kupiga picha, trokanta ndogo, kile kinundu cha mfupa kilicho upande wa ndani chini ya shingo, hujitokeza zaidi, shingo huonekana fupi, na pembe yake huonekana kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba pembe imebadilika kati ya picha mbili, linganisha trokanta ndogo katika picha zote mbili. Kama hazifanani kwa ukubwa, huenda kilichobadilika ni mkao wa mguu.

Hatua ya 4: Tambua mvunjiko ulikuwa wapi na chuma ni cha aina gani

Rudi kwenye picha ya kabla ya upasuaji. Mvunjiko wa shingo, ulio ndani ya mfuko wa kiungo, na mvunjiko wa eneo la trokanta, yaani la vinundu vya mfupa vilivyo chini ya shingo, ulio nje ya mfuko huo, ni maradhi mawili tofauti kwa namna yanavyopona na yanavyoshindwa kupona. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupanda kando ya shingo, kwa hiyo shingo ikivunjika na kuhama, mishipa hiyo huweza kukatika. Ndiyo maana tangu mwaka 1961, daktari wa upasuaji Garden alipoipanga mivunjiko hii katika madaraja manne kwa kadiri ya kuhama kwake, kuhama kumekuwa swali la kwanza. Mvunjiko wa trokanta hupata damu nyingi. Tatizo lake kubwa ni uzito unaousukuma mfupa kuinama.

Chuma nacho kitambulike: skrubu tatu sambamba kwenye shingo, skrubu moja kubwa inayoteleza ndani ya bamba la pembeni, ambayo wodini huitwa DHS, msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa na kushikilia kichwa kwa skrubu moja au mbili, au nusu nyonga bandia, ambapo kichwa cha asili kimeondolewa.

Hatua ya 5: Soma mfupa kwanza, chuma baadaye

Macho huvutwa na chuma kwa sababu ya weupe wake, kwa hiyo jilazimishe kuanza na mfupa. Pima pembe kati ya shingo na shina la paja. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya nyuzi 125 na 135, na upande mzima utakuonesha ya mgonjwa huyo. Pembe iliyokuwa 132 baada ya upasuaji na sasa ni 118, mkao wa mguu ukiwa uleule, ni nyonga inayoinama, na mara nyingi maana yake ni kwamba mvunjiko haujashikana. Kisha fuata mchirizi unaotoka chini ya shingo na kuendelea kwenye ukingo wa juu wa tundu la mbele la fupanyonga. Unapaswa kuwa upinde mmoja usiokatika.

Baada ya hapo tafuta kuunga. Katika eneo la trokanta na chini yake tafuta mfupa mpya unaovuka mvunjiko. Ukiona ganda la mfupa limeunganika pande tatu kati ya nne katika picha mbili, una haki ya kusema unaunga. Katika shingo usisubiri mfupa mpya wa nje, kwa kuwa shingo iliyo ndani ya mfuko huunga bila kuujenga. Nimeona ripoti zinazolaumu shingo kwa kukosa kitu ambacho haikupaswa kuwa nacho. Kwenye shingo angalia kama mstari wa mvunjiko umefifia na kama nyuzi za ndani za mfupa zinapita kutoka kichwani hadi shinani.

Mivunjiko ya trokanta huunga kwa kawaida ndani ya miezi 3 hadi 4, na ya shingo huweza kufika miezi 6. Ikiwa miezi 6 imepita, mstari bado mweusi, kingo zake zimeanza kuwa nyeupe na ngumu, na mgonjwa anaumia kinenani anapokanyaga, usiandike "anaendelea vizuri". Andika kwamba mvunjiko haujaunga.

Hatua ya 6: Sasa soma chuma, kipande kwa kipande

Kwa skrubu tatu za shingo, angalia nyuzi za skrubu. Zote zinapaswa kuwa ng'ambo ya mvunjiko, ndani ya kichwa. Nyuzi zilizokaa juu ya mvunjiko huuzuia kubanana. Kisha linganisha ni kiasi gani cha skrubu kimetokeza nje ya ganda la upande. Shingo ikijisindilia na kufupika, skrubu hurudi nyuma, na hapo ndipo maumivu ya ubavu yanapoanza. Kurudi kidogo huku mfupa ukiunga ni jambo la kutarajiwa, na skrubu zinaweza kutolewa baadaye. Kurudi kunakoendelea picha hadi picha ni jambo lingine.

Kwa DHS, skrubu kubwa imetengenezwa iteleze ndani ya mrija wa bamba ili mvunjiko ubanane, hivyo kuteleza kwenyewe si kosa. Kiasi ndicho cha kuangalia: kikizidi milimita 15 hivi, mfupa umefupika sana na hatari ya kushindwa huongezeka. Angalia pia kama bamba limebanduka kutoka kwenye shina au kama skrubu zake zimekatika.

Jambo linalostahili muda wako zaidi ni ncha ya skrubu kubwa. Mwaka 1995 daktari wa mifupa Baumgaertner na wenzake walionesha kwamba umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa, ukipimwa kwenye picha ya mbele na ya ubavu na kujumlishwa, hutabiri kama skrubu itachana kichwa na kutoka. Katika skrubu 120 ambazo jumla yake ilikuwa milimita 25 au chini, hakuna hata moja iliyotoka. Kipimo hiki hufanyika kwenye picha ya mara baada ya upasuaji, na ni lazima kirekebishwe kwa sababu eksirei hukuza vitu. Tumia chuma chenyewe: nyuzi za skrubu ya DHS mara nyingi zina kipenyo cha milimita 12.5, lakini kithibitishe kwenye taarifa ya upasuaji. Tuseme kwenye filamu zote mbili kipenyo hicho kinasoma milimita 15, na umbali wa ncha ni milimita 12 kwa mbele na 15 kwa ubavu. Jumla ni 27, gawanya 12.5 kwa 15, zidisha kwa 27, unapata 22.5. Hapo ncha iliwekwa mahali salama. Kama ukuzaji wa picha mbili haulingani, rekebisha kila picha peke yake kabla ya kujumlisha. Kwenye picha ya leo pima tena: ncha iliyosogea juu kuelekea ukingo wa kichwa huku pembe ya shingo ikipungua ni skrubu iliyo njiani kutoka, na mgonjwa huyo hapaswi kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kwa msumari wa ndani, pahali panapokatika zaidi ni kwenye tundu la skrubu ya kichwa, na msumari uliokatika unakwambia kwamba mfupa haukuunga. Ukiwa na skrubu mbili kichwani, angalia kama moja inapenya ndani zaidi huku nyingine ikirudi nje. Angalia pia ncha ya chini, kwa sababu paja huweza kuvunjika upya hapo.

Hatua ya 7: Kichwa cha mfupa kilichokosa damu

Hili ni la mvunjiko wa shingo zaidi, na linaweza kutokea hata mfupa ukiwa umeunga vizuri. Huonekana kuanzia mwezi wa 6 hivi hadi miaka 2 au 3, wakati mwingine hata baadaye, na mwanzoni eksirei huwa haioneshi kitu. Baadaye sehemu ya kichwa huonekana nyeupe kuliko mfupa unaoizunguka, kisha hujitokeza mstari mwembamba mweusi chini ya ukingo wa juu, uliopinda mfano wa mwezi mwandamo, na mwisho kichwa hubonyea na kupoteza uduara wake. Kichwa kikibonyea, skrubu ambazo hazijasogea hata kidogo hujikuta zimetokeza ndani ya kiungo na kuanza kukwaruza kikombe. Anayesoma picha moja atasema skrubu ilipigwa ndefu mno. Anayelinganisha ataona kwamba skrubu iko palepale, na kichwa ndicho kilichoshuka.

Angalia nyonga ya pili pia. Nayo ikiwa na dalili zizo hizo kwa kijana, uliza kuhusu selimundu, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na pombe nyingi.

Hatua ya 8: Maambukizi

Eksirei huchelewa hapa. Mfupa hupaswa kupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla upungufu haujaonekana kwenye picha, kwa hiyo picha safi ya wiki ya 4 haimwondolei mgonjwa shaka. Tafuta mstari mweusi kuzunguka skrubu unaozidi milimita 2 na unaopanuka kati ya picha, mfupa uliolika bila mpangilio, na tabaka jipya la mfupa juu ya ganda la shina. Kulegea kwa kawaida nako huleta mstari mweusi, na picha pekee haiwezi kuvitofautisha. Pima ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyopanda penye maambukizi au uvimbe. Kama matokeo yanatia shaka, majimaji ya kiungo yachukuliwe na yaoteshwe maabara kabla ya kuanza dawa, isipokuwa hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi cha kutosubiri. Kozi fupi za antibayotiki zinazotolewa kwa kubahatisha huficha kimelea na kumrefushia mgonjwa mateso. Nafasi ya kiungo ikipungua polepole huku mifupa ya pande zote mbili ikififia, kifua kikuu cha mifupa kiwemo kwenye orodha.

Kwa mwenye nusu nyonga bandia

Hapa hakuna mvunjiko wa kuunga. Linganisha kimo cha chuma na trokanta ili ujue kama kimezama kwenye shina. Angalia mstari mweusi kukizunguka na ncha yake inayogusa ganda la nje. Angalia kama kichwa cha chuma kimekula kikombe na kusogea juu au ndani. Maumivu ya kinena yanayoongezeka kwa mtu anayetembea sana mara nyingi ni ya kikombe kuliwa. Usisahau mvunjiko mwembamba kando ya shina la chuma.

Hatua ya 9: Picha inaponyamaza

Kama mfupa umeunga, chuma kimetulia na kichwa ni duara, toka nje ya nyonga. Zungusha jicho kwenye matawi ya mbele ya fupanyonga na mfupa wa sakramu ulio chini ya uti wa mgongo, ambako mzee aliyeanguka anaweza kuwa na mvunjiko wa pili ambao haukuonekana siku ya kwanza. Pima mgongo wa chini na goti, maana maumivu ya uti wa mgongo hushuka kwenye tako na paja, na ya nyonga yenyewe huweza kuhisiwa gotini. Skani ya CT huonesha kuunga vizuri kuliko eksirei ingawa chuma huleta michirizi. MRI huathiriwa zaidi na chuma cha pua kuliko titani, kwa hiyo aina ya chuma itajwe kwenye ombi.

Hatua ya 10: Barua ya rufaa

Barua inayokwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au mbali zaidi itaje tarehe ya kuumia na ya upasuaji, aina ya mvunjiko na ya chuma, mahali na wakati wa maumivu, na kama kulikuwa na kipindi cha nafuu. Iandike vipimo vya pembe ya shingo na ncha ya skrubu kwa kila tarehe, tofauti ya urefu wa miguu, na majibu ya ESR na CRP. Andika ulichokiona, kisha unachokishuku, kila kimoja kwa aya yake, ili daktari wa mifupa aweze kukubaliana na la kwanza hata kama hakubaliani na la pili. Panapokuwa na skrubu inayosogea, chuma kilichokatika au mfupa usiounga, mgonjwa asikanyagie mguu huo; apewe magongo, na ndugu aelekezwe namna ya kumpandisha na kumshusha garini. Filamu halisi ziende naye zikiwa zimefungwa kwenye nailoni, na nakala zibaki kituoni zikiwa na tarehe na upande wa mwili.